Ndoa Iliyodaiwa na Bima

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye ofisi ya bima ya afya hapa Mpanda, nikishughulikia kadi yangu ya ustaafu. Mbele yangu alisimama mzee wa Kisukuma, bwana mifugo aliyestaafu, pamoja na mkewe.

"Cheti cha ndoa, mzee?" aliuliza dada wa dirishani.

"Nilipeleka ng'ombe kwao. Nyie hamtambui ng'ombe?"

"Mfumo hautambui, baba. Bila cheti nitakuandikisha wewe tu."

Mzee alizikunja karatasi zake taratibu. "Basi na mimi niache. Nikitibiwa mimi, huyu akabaki anaumwa, nitakuwa nimepona nini?"

Wakaondoka. Nilisikitika, maana yule mama alikuwa anachechemea.

Wiki mbili baadaye nilifuata kadi yangu, nikawakuta tena. Mzee alikabidhi cheti kipya kwa mikono miwili. Dada akakisoma, akainua macho.

"Mmefunga ndoa Jumamosi hii?"

"Kanisani, kule Magamba," alijibu mama, akiweka sawa kitenge chake. "Miaka thelathini namwomba twende kwa padri, mara mvua, mara ng'ombe. Kumbe alikuwa anangoja bima!"

Foleni nzima ilicheka, na mzee mwenyewe akacheka. Mama akaitwa kupigwa picha.

"Usitabasamu, mama, ni ya kitambulisho."

Alijaribu mara tatu akashindwa. Dada akaipokea hivyo hivyo.

Wengi huniambia bima haina faida mpaka uugue. Mimi nimemwona mama aliyefaidika nayo kabla hajamwona daktari.