Mashuka ya Wodi ya Wanawake

Hospitali ile ina madaktari ambao majina yao yamebandikwa milangoni, na hilo ni sawa kabisa. Lakini mgonjwa akifikishwa kitandani, kinachompokea kwanza ni shuka, na hakuna anayeuliza limetoka wapi. Limetoka chini, nyuma ya jiko, kwenye chumba chenye mashine kubwa za kufulia zinazonguruma kutwa na mvuke unaokufanya usahau kama nje kuna upepo. Msimamizi wa huko ni mwanamke mfupi, mpana, anayeitwa Mama Povu. Jina hilo alipewa na fundi wa mashine kwa utani, likamganda, na siku hizi hata mumewe anamwita hivyo.

Mama Povu hafoki. Waliomtangulia walifoka mpaka sauti zikawakauka, na kazi ikabaki palepale. Yeye akiona mtu hayuko sawa, humwita wakunje shuka. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja likakaa vizuri. Mnashika pembe, mnavuta, mnasogeleana, mnapeana, mnaachana, mnasogeleana tena. Jaribu kumnunia mtu mnayekutana uso kwa uso kila mkunjo, uone kama utaweza. Basi jina lako likiitwa, wenzako hucheka chinichini na kusema, "Leo zamu yako."

Kati ya watu wake, ambaye Mama Povu alimjivunia zaidi ni mpiga pasi waliyemwita Nyoosha. Dada yule alikuwa na mkono wa kazi. Shuka likitoka kwake unaogopa hata kulikalia. Ndiyo maana ilipoonekana alama ya kahawia, umbo kamili la pasi, katikati ya shuka jeupe, Mama Povu alidhani ni bahati mbaya. Ikaja ya pili. Ikaja nyingine, na hiyo ilifika mezani kwa katibu wa hospitali kabla ya kufika kwake.

Katibu alishuka mwenyewe, miwani imeingia ukungu wa mvuke. "Mama, huyu anatuunguzia mali. Nitafutie mtu mwingine."

"Nipe mpaka kesho, baba," Mama Povu alisema, maana Nyoosha ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima ya wadogo zake.

Katibu alipoondoka, Mama Povu aliyatandaza yale mashuka yaliyoungua juu ya meza. Kila wodi ina mhuri wake wa wino kwenye pindo, ili nguo zisichanganyike. Aligeuza pindo la kwanza, akageuza la pili, akageuza yote. Wodi ya wanawake. Wodi ya wanawake. Yote yalikuwa ya wodi ya wanawake. Ya watoto, ya upasuaji, ya wanaume, hakuna hata moja lililoguswa na moto.

Akakaa. Mama yake Nyoosha alifia katika wodi hiyo. Walimzika, watu wakasema pole, Nyoosha akarudi kazini mapema kuliko ilivyotakiwa akisema keshapoa, nao wakamsifu kwa ujasiri. Mama Povu mwenyewe alimsifu. Roho ilimuuma, akajiambia kwamba kujuta hakutamrudishia mtu kazi yake.

"Nyoosha, njoo tukunje."

Walishika pembe, wakavuta. Mkunjo wa kwanza ulipita kimya. Waliposogeleana mara ya pili, Mama Povu akasema polepole, "Ukiona ule mhuri unamwona yeye."

Nyoosha hakuachia shuka. "Najiuliza kama ndilo alilofunikwa," alisema. "Naliangalia, nalitafuta sijui nini, halafu nasikia harufu ya kuungua." Kisha akalia, na Mama Povu hakumwambia ajikaze. Walisimama hivyohivyo na shuka lao katikati, mashine zikinguruma, na wengine wakapata ghafla kazi nyingi upande wa pili wa chumba.

Kesho yake Mama Povu alipanda kwa katibu. Hakumsimulia msiba wa mtu kama habari za mtaani. Alisema tu kwamba kosa amelijua, dawa yake anayo, na mtu wake haondoki.

"Na akiunguza tena?"

"Hapo uniandikie mimi barua ya kufukuzwa, usimwandikie yeye."

Katibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mali ya kulinda. "Mpaka mwisho wa mwezi," akasema.

Tangu siku hiyo mashuka ya wodi ya wanawake aliyapiga pasi Mama Povu mwenyewe. Ukweli usemwe, kwa pasi hana lolote. Anayaacha na makunyanzi kama ameyalalia yeye kwanza. Fundi wa mashine alimuuliza kama anapiga pasi au anayapapasa, naye akamjibu arudi kwenye mashine zake. Alivumilia, mgongo ukimuuma, na hakumwuliza Nyoosha lini atakuwa tayari.

Mwezi ukielekea ukingoni, asubuhi moja, Nyoosha aliacha meza yake akaja kusimama pembeni. Alitazama kwa muda, kisha akachukua pasi mkononi mwa bosi wake.

"Mama, unaniharibia mashuka," alisema. "Kuna mama wa mtu atalazwa humu leo. Alale pamenyooka."

Nyoosha alilaza pindo lenye mhuri, akaligusa kwa kidole, akapitisha pasi. Pasi haikusimama. Alimaliza robota lote, akalibeba kifuani, akaenda mlangoni mwenyewe. Tangu mazishi hakuwahi kukanyaga ghorofa ya wodi ile.

"Nikusindikize?" Mama Povu aliuliza.

"Mpaka kwenye ngazi tu, Mama. Huko juu nitafika."

Walitembea pamoja hadi kwenye ngazi, na Nyoosha akapanda bila kugeuka, mgongo umenyooka. Mama Povu alibaki chini. Hakuna aliyempigia makofi, wala jina lake halikubandikwa popote. Alijiona mkubwa kuliko jengo lile, na machozi yalipomtoka aliyaacha yatiririke.