Vijiti Vilivyopoa

Ipo siku naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na bibi yenu huko jikoni asinisikie. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitoka Tanga, nikafika Uingereza, nikapata pasipoti ya hapa na cheti cha kuchomelea vyuma, nikaajiriwa huko kaskazini kwenye kiwanda kimoja cha kuunda meli. Ninyi hapa Peckham, London, mnanijua kama mzee anayepanga viti kanisani. Hamjui kwamba mikono hii imeunda nyambizi.

Tena si nyambizi ya kawaida, mwanangu. Ilikuwa ya mashambulizi, ya kuwinda meli na nyambizi nyingine, na iliendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Ndani yake mlikuwa na mtambo unaochemsha maji, mvuke ukazungusha mashine, na mafuta yake ya nyuklia yalidumu miaka. Hewa ya kuvuta waliitengeneza humo humo kutokana na maji ya bahari. Kilichowarudisha mabaharia wake nchi kavu ni kwisha kwa chakula. Ganda lake tuliliunda kwa pete kubwa za chuma kinene, tukiziunganisha moja baada ya nyingine, mpaka likawa bomba refu ambalo mabasi mawili ya ghorofa yangepita ndani yake sambamba.

Chuma kile kilikuwa hakitaki unyevu hata chembe. Vijiti vya kuchomelea tulivichukua kwenye oveni, tukavibeba katika kopo lililochomekwa kwenye umeme ili vibaki na joto. Vikipoa, vinafyonza unyevu wa hewani. Unyevu huo ukiingia kwenye kiungo, chuma kinaweza kupasuka chenyewe baada ya siku mbili tatu, wakati wakaguzi wameshapita.

Basi siku hiyo nilichomoa waya wa kopo langu nipate pa kuchomeka taa, nikasahau kuurudisha. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikachomelea mpaka saa ya kutoka, na hapo ndipo nilipovua glavu nikaligusa kopo. Lilikuwa la baridi kabisa.

Kusema kulimaanisha kazi yote ya mchana ule ikatwe mbele ya wenzangu, na katika zamu ile Mwafrika nilikuwa peke yangu. Nilijua watakachosema. Nikanyamaza. Kesho yake wakapiga eksirei, kiungo kikapita. Nikajiambia yamekwisha.

Hayakwisha. Chakula kilinishinda. Kila nilipopita pale nilikitazama kile kiungo kama mtu anayemtazama mgonjwa. Siku ya nne nikasikia kwamba sehemu ile itafunikwa kwa ukuta wa tangi, na baada ya hapo hakuna atakayeiona tena. Nikamfuata msimamizi wetu, Bwana Arthur, mzee mfupi aliyekuwa akiongea polepole, nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Aliniambia nimfuate. Tukatoka mpaka gatini, kulikokuwa na nyambizi nyingine ya aina ile ile, iliyokaribia kukamilika. Tukashuka ngazi, tukapita kwenye korido nyembamba, tukafika kwenye vitanda vya mabaharia, vitatu vitatu, kimoja juu ya kingine.

"Lala," akaniambia.

Nikalala, na viatu vyangu vya kazi. Juu yangu hapakuwa na nafasi hata ya kujigeuza vizuri.

"Bahari iko umbali gani na kichwa chako?"

"Karibu sana."

"Atakayelala hapa hakujui. Hajui jina lako wala unakotoka. Siku tatu ulikuwa unamlinda nani, nafsi yako au yeye?"

Akaniacha pale nimelala kwa muda, kisha akasema, "Haya, inuka. Tukakikate."

Walikikata kiungo chote. Kazi ilisimama siku mbili, na watu wengine wakapoteza mapumziko yao ya Jumamosi kwa ajili yangu. Na unajua walikuta nini? Hawakukuta ufa wowote. Mimi nikadhani Bwana Arthur atajuta. Nikamwambia, "Kumbe kilikuwa kizima."

Akanijibu, "Sasa tunajua. Jana tulikuwa tunabahatisha."

Niliondolewa kwenye ganda, nikawekwa kusugua vyuma kwa miezi mitatu. Mwenzangu mmoja alikataa kukaa nami meza moja ya chai mpaka nilipoacha kazi pale. Hilo nalo liliniuma, sitawadanganya. Ila Bwana Arthur alinirudisha kwenye ganda mwenyewe, akanikabidhi kiungo kingine, akaondoka bila kusimama kunichunga.

Nyambizi ile ilishushwa majini watu wakapiga makofi. Ikatumika kwa miaka mingi, na sisi tulioiunda hatukuambiwa ilikwenda wapi. Tulisikia tu kwamba imerudi kufanyiwa matengenezo, imewekewa mafuta mapya ya nyuklia, imetoka tena. Oda za kiwandani zilipopungua nikahamia London, nikachomelea madaraja ya reli mpaka nikastaafu. Nayo ilistaafishwa. Sasa imefungwa gatini pamoja na wenzake, kwa sababu sehemu ya mtambo wake bado ina mionzi na haivunjwi hivi hivi kama meli nyingine.

Mwaka jana nilikuwa kliniki ya macho. Karibu yangu alikaa mzee mmoja Mzungu, kavaa kofia yenye jina la nyambizi ile ile. Nikamuuliza. Alifurahi kuulizwa; kumbe aliwahi kuwa baharia wake. Akanisimulia kwamba safari moja bomba lilipasuka, maji yakaingia kwa nguvu, wakazama chini kuliko walivyokusudia.

"Tulisikia chuma kinalia," akasema. "Kisha tukaanza kupanda."

Nikamwambia nilikuwa mmoja wa waliolichomelea lile ganda. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kunishukuru. Mwanangu, sikuweza kuzipokea shukrani zile kwa ukweli nusu. Nikamweleza habari za vijiti vilivyopoa.

Akauachia mkono wangu.

"Siku tatu?" akauliza.

"Siku tatu. Ya nne nikasema."

Akageuka, akatazama mlango. Nikaona nimemharibia siku yake. Mara nesi akaita jina lake. Akasimama kwa shida, akavua koti, akatoa pochi na simu akavitia kwenye mfuko wa koti lile lile, akaniwekea mapajani.

"Nishikie," akasema. "Nitachelewa kidogo."

Nilimshikia mpaka aliporudi, ingawa zamu yangu iliitwa na ikanipita.

Basi nasaha yangu ni hii. Kukosea utakosea, hata uwe hodari vipi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijafunikwa, na usingoje mpaka ujue kama kuna ufa. Wewe unayewahudumia wazee, wewe unayeendesha basi, wewe unayejaza fomu za watu ofisini: kuna mtu usiyemjua anayeitegemea kazi yako. Utaaibika, ndiyo, na wengine watakununia. Aibu ile niliibeba na bado niko hai.

Mungu awape mikono mizuri ya kazi, na ulimi mwepesi wa kusema ukweli. Awalaze salama, ninyi na wote wanaowategemea. Amina.