Kongoni Niliyemwona Kope

Mimi sikusoma. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifika juzuu amma na kidogo mbele, kisha baba akafa nikaenda kusukuma mkokoteni bandarini. Leo nina maghala mawili ya nazi kavu, lori, na nyumba ya ghorofa Mji wa Kale ambayo mlango wake wa kuchonga watu husimama kuutazama. Hayo sikupewa na mtu. Nayataja ili ajulikane ni mtu wa namna gani aliyeulizwa swali jepesi mbele ya wakwe zake, akakosa jawabu.

Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, na binti yangu wa kwanza alikuwa ameposwa na nyumba ya watu wa kale, watu wa nasaba na vitabu. Walinisalimu kwa adabu zote. Lakini nilijua kuwa wakikaa peke yao mimi ni yule wa mkokoteni. Siku tulipokaa kupanga harusi, wao wakataja mbuzi, nami ulimi ukanitangulia.

"Mbuzi kila mtu ana mbuzi," nikasema. "Wageni wenu nitawalisha pilau ya kongoni, na kongoni huyo nitampiga kwa mkono wangu."

Babake bwana harusi akanitazama. Alikuwa mtu mzima mpole, hasemi haraka. "Mkwe, umeshasema," akanambia. "Nasi tutawaambia watu."

Hapo nikawa nimejifunga. Bunduki nilikuwa nayo, na kibali chake, na shabaha nilikuwa nayo. Nguruwe mwitu wa mashamba ya Kisauni walikuwa wakinijua. Hata swala nilishapiga wawili, lakini kwa kuvizia kichakani, karibu, kwa sababu kwetu risasi si kisu. Mnyama akipigwa lazima umdiriki angali na uhai, umchinje, damu iruke, apapatike. Ukimkuta amekwisha ni mzoga, hata kama ulisoma Bismillahi mara mia wakati wa kufyatua. Na kongoni si swala wa kichakani. Yeye hukaa uwanda mweupe, akikuona ameondoka. Nikasema, dawa yake ni darubini.

Palikuwa na Mhindi mmoja fundi wa saa, duka lake uchochoroni nyuma ya msikiti, ambaye alikuwa akinunua vitu vya askari waliorudi vitani. Akanitolea darubini mbili za bunduki, moja fupi nyembamba, moja ndefu nene.

"Hii yavuta mara mbili na nusu," akasema. "Hii mara sita."

"Mara sita ya nini?"

"Kitu kikiwa mbali, waona kama kimekuja karibu mara sita."

"Basi mnyama aja karibu."

"Haji, bwana. Yeye yuko pale pale. Wewe ndiye waona."

"Si mamoja?"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Kwa mtu wa kwenda kwa miguu, chukua ndogo. Kubwa yaona mahali padogo, na mkono ukitetema dunia yote yatetema."

Nilimwambia sikununua nyumba ya chini wakati ghorofa ilikuwapo. Nikachukua kubwa. Nilipotia jicho nikaona ukuta wa jirani, tundu za matumbawe kama mapango, kisha nikaona kitu kingine kikanishtua.

"Fundi, umenitilia msalaba humu."

"Ni nyuzi tu. Zinapokutana, risasi yaenda hapo."

Nyumbani nilipanda nayo darini, juu ya nyumba, kujifunza. Nikatazama ng'ambo, na mnazi wa ng'ambo ukaja mpaka nikanyosha mkono, wallahi, nikanyosha mkono mbele ya bomba nione utagusa wapi. Nikaona kidole changu tu, kinene kama gogo, tena chenye ukungu. Nikageuza kidogo, dari ya jirani ikanijaa jichoni na wanawake wakianika nguo. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shuka," akasema. "Watu watasema nyumba hii yachungulia wake za watu kwa bomba."

"Naujifunza umbali."

"Jifunze na miti."

Basi nikaenda shambani Kisauni na dereva wangu, Mkamba wa bara, Mkristo, kijana mtulivu ambaye babake alikuwa mwindaji wa upinde. Tukaweka debe la mafuta ya taa juu ya kisiki, hatua hamsini. Katika darubini lile debe lilikuwa kubwa kama mlango. Risasi ya kwanza ilikwenda nisikokujua, na darubini ikanipiga nyusi mpaka damu, kwa kuwa jicho nililisogeza karibu mno. Bomba lina vifundo viwili, juu na ubavuni, vya kurekebisha. Nilivizungusha, risasi ikaenda kushoto. Nikavizungusha kinyume, ikaenda chini. Dereva akachukua kisu chake, akavizungusha kidogo kidogo, na risasi ya saba ikatoboa debe. Nikamwambia sasa kazi nimeielewa. Na kwa kweli niliamini hivyo.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Alhamisi alfajiri tulikuwa tumeshapita Mariakani, lori tumeliacha barabarani, twatembea. Jua lilipopanda dereva akanishika mkono, akanyosha kidole. Sikuona kitu. Nikatia jicho kwenye darubini, nikatafuta sana, nyasi, nyasi, kichuguu, nyasi tena, kisha huyo hapo. Dume, pembe zimepinda, yuatafuna.

"Tajiri, huyo yuko mbali," dereva akasema.

"Mbali wapi? Namwona kope."

"Mimi namwona kama siafu."

Nikaondoa jicho. Kweli, alama ya hudhurungi tu mbali huko. Nikarudisha jicho, kongoni akanitazama, nzi yuko sikioni mwake. Nikaondoa. Siafu. Nikarudisha. Nzi. Jasho lilinitoka, maana macho yote mawili ni yangu na sikujua lipi lasema kweli. Mwisho nikaamini lile lililogharimu pesa.

Nikasoma Bismillahi, nikafyatua. Kongoni akaanguka.

Bunduki nikamtupia dereva, nikachomoa kisu, nikakimbia. Mimi nilikuwa mchukuzi, miguu ninayo. Nilikimbia nikijua ni hapo tu, na nilipofika hapo tu hapakuwa na kitu ila nyasi. Nikasimama. Huku chini kila mahali palifanana, yule mnyama niliyemhesabia nzi sikujua hata yuko upande gani. Dereva akapiga kelele nyuma, "Kulia, Tajiri! Mbele bado!" Nikaendelea. Ndara moja ikakatika. Nilikuwa nikihesabu hatua, nikafika mia tatu, nikapotewa na hesabu, na bado yule dereva yuasema mbele.

Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Nikapiga goti juu yake, nikaangalia jua nijue kibla kiko wapi, nikaona muda wapita, nikamgeuza shingo, nikachinja. Damu ilitoka. Na mguu wa nyuma ukatikisika, mara moja.

Dereva akafika, akihema. "Alikuwa hai?"

"Wewe uliona nini?"

"Niliona mgongo wako."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiutazama ule mguu akilini. Ulitikisika. Lakini goti langu lilikuwa juu yake, nami nilikuwa nahema kama mvukuto. Nilijiambia ulitikisika wenyewe. Tulipofika kwenye kivuko cha reli nikajiambia nimeutikisa mimi. Tulipoingia kisiwani sikujua tena.

Lori haliingii vichochoroni, kwa hiyo wachukuzi walimbeba kongoni mpaka mlangoni kwangu, na watoto nyuma. Barazani wakwe zangu walikuwa wamekaa, na maalim wa msikiti wetu kati yao. Ndani nilisikia wanawake wachambua mchele. Maalim akaniamkia, akaniombea baraka, kisha akauliza kama anavyouliza kila mtu anayeleta nyama ya mwituni:

"Mlimdiriki?"

Neno moja, "Ndiyo," lilitosha. Dereva hakuna ambaye angemuuliza. Nilifungua kinywa, hiki kinywa ambacho hakijapata kukosa neno, na lililotoka ni, "Sijui."

"Hujui vipi? Si wewe uliyechinja?"

"Mguu ulitikisika. Lakini nilikuwa nimekimbia kutoka mbali, nimempigia goti, nami nilikuwa nahema."

"Damu iliruka?"

"Ilitoka."

"Iliruka, au ilitoka?"

"Ilitoka, maalim."

Ami mdogo wa bwana harusi, mtu wa mzaha, akasema taratibu kama mtu anayesoma khabari, "Kongoni amepigwa Mariakani, amechinjwa Taru." Baraza zima likacheka, maana Taru ni mwendo wa siku kwa miguu kutoka Mariakani. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu, maana nilikuwa na ndara moja.

"Lenye shaka huachwa," maalim akasema, na hakulisema kwa ukali.

Babake bwana harusi hakuwa amecheka. Akainuka. "Shambani kwangu wapo mbuzi sita," akasema. "Mkwe, tuma lori."

Lori likaenda. Yule kongoni dereva alimchukua kwa watu wake kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakafurahi naye sana, naambiwa. Na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wageni wa harusi walikula nyumbani kwangu mbuzi wa upande wa mume, jambo ambalo sijapata kulisikia kwa baba mwenye binti.

Sinia zilipowekwa nilikuwa nimesimama mlangoni, najifanya nasimamia maji ya kunawa. Babake bwana harusi akaniita. Kwenye sinia yake walikuwa maalim na wazee wawili wa ukoo, akawasogeza, akapiga mkeka kwa kiganja. "Kaa hapa."

Nikakaa. Akalimega pande la nyama, akaliweka upande wangu wa sinia. Mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au alinihurumia, na nimejaribu kulitazama kwa mbali na kwa karibu. Nilikula. Tangu jana yake sikuwa nimetia kitu kinywani.