Basi la Nizwa Kabla ya Treni ya Italia

Ratiba nimeibandika kwenye mlango wa friji, jikoni kwangu hapa Ibra, Oman. Nimeiandika kwa kalamu nene nyuma ya kalenda ya zamani, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Treni ya Verona mpaka Bolzano. Basi la kupanda bondeni, saa nne kasorobo. Kijiji cha kwanza, kutembea kwa miguu masaa matatu, kusali, kula, kushuka. Basi la mwisho la kurudi ni saa kumi na moja na dakika kumi, na Jumapili halipo kabisa. Wajukuu wakija kutafuta maji baridi wanaisoma, wanacheka. Wacheke. Bibi yao ameshaihifadhi yote.

Mie nimefundisha jiografia hapa Ibra miaka thelathini. Milima ya Alpi nimeichora ubaoni kila mwaka, vilele kwa chaki nyeupe, mabonde kwa chaki ya kijani, na kila mwaka nikijiambia: nikistaafu, naenda kuikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe. Nikastaafu. Mume wangu, Mungu amrehemu, akatangulia. Kisha macho nayo yakaanza vituko. Mbele naona vizuri, lakini pembeni kumeingia kiza, na daktari akanambia, bibi, kuendesha gari basi tena. Siku ile nilirudi nyumbani nimekaa kiti cha abiria, nikalia mpaka kwikwi.

Huku kwetu asiyeendesha gari ni mzigo. Mwanangu mkubwa, na nimpe haki yake, hajanikatalia hata siku moja. Akitoka kazini anakuja, ananipeleka nitakako, ananisubiri. Lakini lazima niombe. Harusi Sur, naomba. Uzi wa kushonea, naomba. Na nikishafika huko naanza kuuliza: tunarudije? Nani atanichukua? Miaka mitatu maneno yangu ni hayo hayo, na wallahi nimeyachoka.

Aliyeichokoza safari ni wifi yangu, mdogo wake marehemu, anayekaa Fanja. Alikuja Ijumaa moja kanishikia simu usoni.

"Wifi, tazama. Vijiji vya milimani Italia, vyote vinafikika kwa treni na basi. Vibibi vya huko vinapanda na mikapu yao."

"Na wewe kibibi cha wapi?"

"Mie msichana. Kibibi ni wewe."

Tukaanza kupanga siku ile ile. Yeye macho yake mazima lakini hupotea hata sokoni kwao. Mie sioni pembeni lakini njia nikishaisoma haitoki kichwani. Kwa hiyo yeye atasoma vibao, mie nitajua twende wapi. Kila Ijumaa asubuhi tukawa tunapanda mtaa wa kale wa Fanja, ule wa juu kilimani, na mabegi mgongoni tumeyatia chupa za maji ili tuzoee uzito. Wifi kajinunulia viatu vya kupandia milima, vyekundu, akawa anavaa mpaka akipika. Tulisoma pia kwamba huko tiketi ya karatasi uigonge muhuri kwenye kijimashine kituoni kabla hujapanda, usipoigonga unatozwa faini. Wifi hakulala raha. Kila akija kwangu, akifungua mlango tu, "Wifi, umegonga tiketi?"

Mwanangu alitusikiliza wiki nzima tukipanga. Kisha siku moja akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mama, nitachukua likizo. Nije nanyi, nikodi gari, niwapeleke kila kijiji mnachokitaka."

"Ala! Mpaka Alpi nipelekwe?"

"Ulianguka kwenye ngazi za hospitali, mama. Nani alikuokota? Huko ukianguka nitapigiwa simu na mtu ambaye hata lugha yake siijui."

Kasema kweli, na ndiyo iliyonichoma. Nilikasirika vibaya, nikampa sharti hapo hapo. Mie na shangazi yake tutakwenda Nizwa na kurudi kwa basi, tubadilishe Bidbid pale njia inapogawanyika, bila ya kupanda gari ya mtu yeyote. Tukishindwa, aje Italia na gari yake. Tukiweza, tunakwenda wawili, na yeye atabaki kwake na roho safi. Akacheka. "Mama, hamtafika hata Bidbid."

Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa kituoni, kando ya barabara kubwa, mabegi mgongoni. Dakika tano hazijapita, gari ikasimama.

"Shikamoo, mwalimu! Gari imeharibika?"

"Marahaba. Haikuharibika. Tunasubiri basi."

"Basi?" Msichana niliyemfundisha mito na maziwa akanitazama kama nimemwambia nasubiri meli.

Hapo ndipo nilipojua kosa letu. Tulihesabu dakika za treni za Italia, tukasahau Ibra. Huku kumpita mtu unayemjua kasimama njiani ni aibu, na kukataa kuchukuliwa ni kama kukataa salamu. Tena mie nimefundisha nusu ya mji. Akasimama jirani, akasimama binamu wa marehemu, na wa nne, mwanafunzi wangu mwengine, mwanamke wa miraba minne, hakuuliza kitu. Alinivua begi mgongoni, akalitia nyuma ya gari, "Ingia mwalimu, jua kali." Kufumba na kufumbua tuko kwake tunakula mkate wa kumimina. Basi lilitupita hatukuliona hata vumbi lake.

Adhuhuri habari zimeshaenea kwenye kundi la ukoo: mwalimu kagombana na wanawe, kafunga begi, yuko barabarani. Mwanangu alipigiwa simu mpaka chaji ikamwishia. Maskini, nilimwonea huruma, lakini nilicheka pia.

Jumamosi ya pili tukavaa barakoa, zile za kizamani zinazofunika uso, ili tusijulikane. Loh! Mara ya kwanza walisimama wanaotujua, mara hii wakasimama hata wasiotujua. Vikongwe viwili visivyo na mtu, nani atavipita? Mzee mmoja alikataa kuondoka mpaka tumpe namba ya mtoto wetu mmoja ampigie simu. Tukarudi nyumbani kwa miguu, wifi kavua barakoa anapepea nayo.

"Wifi, tukubali tu aje na gari yake," akasema.

Nilikaa kitandani nikaona kweli yamekwisha. Nikajiona milimani, nimekaa nyuma ya kioo, mwanangu anasema, "Mama, tazama kilele kile," na mie sina ninachokijua ila kisogo chake. Hapana. Nikainuka, nikachukua kalenda nyengine na kalamu nene.

Jumamosi ya tatu nilisimama kituoni na bango kifuani, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili: TUNASUBIRI BASI KWA HIARI YETU. HATUJAGOMBANA NA MTU. MUNGU AKULIPENI KHERI, PITENI.

Wakapita! Walipiga honi, walipiga picha, mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Hongera, mwalimu!" lakini walipita. Basi likaja. Dereva alilisoma bango lote kupitia kioo, akafungua mlango huku anacheka. Ndani baridi tele, na viti virefu, na kwa mara ya kwanza tangu macho yangu yaharibike niliiona barabara ile yote, kutoka juu, bila ya kumwomba mtu apunguze mwendo. Furaha ilinijaa mpaka nikaona haya.

"Wifi," akaninong'oneza, "nyuma kuna gari nyeupe haituachi."

"Nusu ya Oman ina gari nyeupe."

"Hii ina mwanao ndani."

Bidbid tuliposhuka, naye akashuka, mishipa ya shingo imemsimama. "Mama! Bango? Mkuu wangu wa kazi kanitumia picha yako!"

"Herufi zimesomeka?"

Akatazama chini. "Naogopa tu, mama."

"Najua. Na mie naogopa," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Basi la Nizwa linakuja. Unapanda hupandi?"

Akaiacha gari mbele ya maduka. Ndani ya basi hakujua ashike wapi wala akae wapi. Mwisho alikaa nyuma yetu, begi langu kalipakata. Nizwa tulimtembeza kwenye mashamba ya mitende mpaka viatu vyake vya ofisini vikamkata kisigino. Wifi akamwambia ndiyo hivyo, mtembezi hula miguu yake, akamwonyesha vyake vyekundu. Tukasali, tukala, na saa tisa mwanangu akatoa simu ampigie rafiki yake aje kutuchukua. Shangazi yake akampokonya.

"Gari ya mtu hiyo. Sharti ni sharti."

Akabaki kasimama kando ya barabara, mikono mitupu, funguo za gari zimo mfukoni na gari yenyewe iko Bidbid. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanigeukia.

"Mama," akasema, "sasa tunarudije?"

Nikamshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika siku za shule.

"Basi letu saa tisa na nusu, upande ule," nikamwambia. "Twende. Leo nakupeleka mimi."