Gari Bila Mtu

Mume wangu, Lorne Pankiw, alipiga picha magari ya zimamoto kuanzia Halifax mpaka Victoria, nchi yetu nzima, pwani hadi pwani. Mengi ya magari hayo mimi niliyaona nikiwa nimekaa ndani ya gari letu, chupa ya chai miguuni, nikifuma soksi. Majirani zetu hapa Yorkton walikwenda kuota jua Florida. Mimi nilipelekwa kutazama vituo vya zimamoto vya jimbo jirani la Manitoba. Nikilalamika, ananiambia, "Verna, uliolewa na mimi ukijua." Uongo mtupu. Nilijua ana kamera. Sikujua inatafuta nini.

Alikuwa dereva wa basi la shule, mtu mpole asiye na maneno mengi, na shule zikifungwa tu tunaondoka. Katika vijiji vyetu wazimamoto ni watu wa kujitolea: mkulima, fundi bomba, mwenye duka. Kituo kimefungwa, na mlangoni imebandikwa namba ya simu. Unapiga, mtu anaacha kazi yake, anakuja kukufungulia na kukutolea gari nje ili wewe, mtu asiyekujua, ulipige picha. Heshima ni kumletea boksi la donati. Lorne anaweza kusahau siku ya ndoa yetu, lakini kwenda mikono mitupu kwenye kituo cha zimamoto hajawahi.

Halafu inaanza ibada yenyewe. Jua liwe mgongoni kwake. Magurudumu yanyooke. Milango ya ubavuni ifungwe yote, pipa la taka lisogezwe, na mtu asiwepo. Hilo la mwisho ndilo lenyewe hasa. Wapiga picha wa magari haya wanabadilishana slaidi, zile picha ndogo za filamu za kumulika ukutani, kwa posta, na picha yenye mtu hawaipokei. Mtu analiziba gari, wanasema. Siku moja nilimuuliza, "Kwani hayo magari yanajiendesha yenyewe kwenda motoni?"

"Kunywa chai yako, Verna," akanijibu.

Ndivyo tulivyofika Nordby, mwezi wa Agosti, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ngano ikiwa imeshaanza kuvunwa. Lorne alikuwa amesikia kuna gari la mwaka hamsini na tisa, jekundu, lenye kengele ya shaba, na kwamba bado linafanya kazi. Njia nzima alikuwa anaimba. Tulipopiga simu akaja kijana mmoja mrefu, ametoka shambani, makapi ya ngano mpaka kwenye nyusi. Akasema anaitwa Dale Halvorson, na gari ni kama mtoto wake. Kila kinachoharibika anakitengeneza mwenyewe.

"Unalipiga leo leo, mzee?" akauliza. "Ngoja basi nilioshe. Huyu bibi hapokei wageni akiwa mchafu."

Akaliosha. Akaisugua ile kengele kwa shati lake. Lorne aliposimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, Dale akaenda kusimama kando ya mlango wa dereva. Alivua kofia, akachana nywele kwa vidole, akanyoosha kola. Mimi niliyaona hayo yote kupitia kioo cha gari letu.

"Samahani, kijana," Lorne akasema. "Nipishe kidogo. Nalitaka gari peke yake."

Dale akacheka. Akanigeukia mimi. "Umeona, mama? Na mimi nilidhani leo nimependeza."

"Umependeza," nikamwambia. "Huyu ndiye hana macho."

Akaondoka hapo mbele. Lorne akapiga picha zake, tukala donati pamoja, tukaagana.

Mwaka uliofuata, majani yakiwa bado makavu baada ya theluji kuyeyuka, moto ulishika nyika karibu na Nordby. Upepo ukageuka. Dale alikuwa ameshuka bondeni na pampu ya mgongoni, moshi ukamkuta huko, akafa. Tuliyasikia kwenye redio wakati wa chakula cha mchana. Jina lilipotajwa, nilimtazama Lorne. Naye aliendelea kupaka siagi mkate wake. "Nordby," akasema. "Ndiko kwenye lile la hamsini na tisa."

Niliinuka mezani. Sikumsemesha mpaka jioni.

Wiki chache baadaye simu ikalia nikaipokea mimi. Mwanamke, sauti ya kizee, ya taratibu. Akasema yeye ni mama yake Dale, na mkuu wa kikosi cha zimamoto ndiye aliyempa namba yetu.

"Nasikia mzee wako alikuja kupiga picha," akasema. "Ninazo picha za mwanangu za shule, na za harusi ya dada yake. Lakini akiwa na lile gari sina hata moja, na lile gari ndilo lilikuwa roho yake. Nilisema labda ninyi mnayo."

"Tutatafuta, mama," nikamwambia. Ningemwambia nini kingine?

Lorne alifunga mapazia, akawasha projekta. Gari likatokea ukutani. Likatokea tena, kutoka kushoto. Likatokea kwa nyuma. Jekundu, safi, kengele inang'aa, na hakuna mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona mume wangu akizichukia picha zake. Alizipitisha zote, akazirudia, kana kwamba Dale angeweza kuingia kwenye mojawapo wakati sisi hatuangalii.

Mwisho akaleta kopo la biskuti anamotupia slaidi zilizoharibika, maana hatupi kitu huyu. Ya Nordby ilikuwa moja tu. Gari lile lile, mwanga mzuri, ila chini, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, palionekana buti mbili. Dale hakuwa ameenda mbali. Alikuwa amezunguka upande wa pili wa gari akasimama pale, anasubiri Lorne amalize.

"Ndiyo maana niliitoa," Lorne akasema polepole. "Kwa sababu ya miguu."

Tukaisafisha iwe picha ya karatasi. Lakini siku ya kwenda akaanza kuvuta miguu. "Nitampelekeaje mama wa watu viatu, Verna?"

"Ungekuwa na uso, ungempelekea uso," nikamwambia. "Washa gari."

Bibi Halvorson alitukaribisha jikoni. Alikuwa ametuandalia kahawa na chapati nyembamba za viazi, zimepakwa siagi na sukari, zimekunjwa. Lorne hakuigusa yake. Akatoa bahasha, akaiweka mezani, akaurudisha mkono mapajani kama mtu aliyeungua.

Mama akavaa miwani. Akaitoa picha, akalitazama gari. Macho yake yakatafuta mlangoni, yakatafuta kwenye kioo, kisha yakashuka chini, yakatulia.

"Ni yeye," akasema.

Buti ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa kamba ya rangi ya chungwa, ile ya plastiki ya kufungia marobota ya nyasi. Mimi na Lorne hatukuwa tumeiona.

"Krismasi nilimnunulia kamba mpya za viatu," akasema. "Hakuzitia. Zimo bado kwenye droo." Akaweka kidole juu ya zile buti. Kisha akamwinulia Lorne uso. "Siku hiyo alikuwaje?"

Lorne akajikohoza. Akaanza kusema kuhusu pampu, kwamba ilikuwa ile ya asili, na injini haijawahi kubadilishwa, na rangi ilivyotunzwa. Akasikia mwenyewe anachosema, akajikatiza.

"Sikumbuki uso wake," akasema. "Nisamehe, mama. Nilikuwa natazama gari."

Basi nikasimulia mimi. Makapi kwenye nyusi, shati alilosugulia kengele, jinsi alivyoliita gari bibi. Mama akacheka, machozi yanamtiririka. Nikamwambia alivyovua kofia na kuchana nywele kwa vidole. Hapo nikakwama, kwa sababu kilichofuata kilikuwa si changu kusema.

"Sasa mbona yuko nyuma ya gari?" mama akauliza.

Lorne alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilimwambia asogee. Picha zetu huwa hazina watu."

Mama hakufoka. Heri angefoka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni, akaivaa tena, akamtazama mume wangu kama anayetaka kweli kuelewa.

"Ungemwacha tu asimame, bwana Pankiw," akasema. "Angekuharibia nini?"

Lorne akanitazama mimi. Ndivyo tulivyoishi siku zote: yeye akishindwa neno, mimi namsemea. Siku ile nilishika kikombe changu cha kahawa nikanywa. Nilitaka amjibu mwenyewe.