Kisanduku cha Mwisho

Wifi yangu ametembea nyumba kwa nyumba miaka kumi na tisa, ubao wa fomu kifuani, akiuliza watu wanaishije. Magoti yamekwisha. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Kivuli chake mimi sijakiona bado, na nimeolewa na kaka yake mwaka wa kumi na tano huu.

Mimi nakaa ofisini hapo hapo, naingiza fomu zake kwenye kompyuta. Ofisi inachunguza kwa nini watu wa rangi fulani hawatoki kwenye umaskini. Maswali arobaini wifi anauliza kwa mdomo: kazi, paa, shule ya watoto. La arobaini na moja, la rangi, haulizi. Msimamizi wetu wa ofisi alikataza, eti linaudhi watu. Basi anaaga, anatoka, na akiwa nje ya mlango anatia alama kwenye kisanduku kimoja kwa jinsi alivyoona: Mweupe, Chotara au Mweusi. Kila baada ya miaka mitatu anarudi kwa watu wale wale.

Mwaka huu kompyuta ikanigomea. Watu thelathini na saba wa wifi walikuwa wamebadilika rangi tangu safari iliyopita. Nilitaka kunyamaza, Mungu anajua, lakini orodha ya fomu zilizogomewa Msimamizi naye huiona. Akamwita wifi.

"Umekaa zako nyumbani ukapika takwimu," akamwambia. "Mpaka kesho uwe na maelezo, la sivyo rudisha kitambulisho."

Miaka kumi na tisa, jamani! Mtu ambaye hata chai ya mwenye nyumba hanywi, asije akaambiwa kahongwa! Wifi alisema tu, "Nisindikize. Peke yangu sitafika."

Tukaenda kwa mtu wa kwanza kwenye orodha, aliyekuwa mnyapara wa kiwanda cha nguo kabla hakijafungwa. Tulimkuta kwenye ngazi ya mlango, fulana imetoboka, anashona kiatu.

"Mama Maswali! Leo mko wawili? Umaskini wangu umeletewa mkaguzi?"

Wifi hakucheka. "Kaka yangu, nisamehe. Wewe ni mtu wa rangi gani?"

Akaweka kiatu chini. "Miaka yote unakuja hapa, leo ndiyo unaniuliza? Mimi chotara, kama mama yangu. Kwani uliandika nini?"

Safari iliyopita, wifi alipomkuta na sare ya kazi na redio mpya, aliandika Chotara. Mwaka huu, Mweusi. Mtu yule yule, ngozi ile ile.

Wifi akaketi pale pale ngazini, akaniomba fomu zote nilizobeba, za safari iliyopita na za mwaka huu. Akazipekua moja moja. Waliopoteza kazi, karibu wote aliwatia weusi. Mama mmoja aliyefungua duka alikuwa Mweusi, sasa kamwandika Chotara.

"Sikupika, wifi," akasema. "Ndivyo nilivyowaona. Naona aibu mpaka nashindwa kuinuka."

Nikamshika mkono. Tulikaa pale muda mrefu, na mwenye ngazi akatuacha tukae.

Kesho yake alimweleza Msimamizi yote, bila kuficha. Yule bwana alisikiliza huku akichezea kalamu.

"Kwa hiyo unakiri fomu ni mbovu."

"Nakiri macho yangu ni mabovu. Na amri yako ya kutouliza nayo ni mbovu."

Hapo akajimaliza. Msimamizi akavuta fomu ya kuachisha kazi, akaijaza, akamwambia atoke. Mlango ulipofungwa, akatia alama kwenye kisanduku cha mwisho, cha rangi, akaniletea niiingize.

Kompyuta ikagoma tena. Nikafungua faili la wifi la siku alipoajiriwa. Aliyelijaza ni Msimamizi huyu huyu, mwandiko wake naujua: Chotara. Kwenye fomu ya leo: Mweusi.

Nikatoka mbio hadi mapokezi. Wifi alikuwa kwenye benchi, kavua viatu, anasugua magoti. Nikamwonyesha zote mbili. Akazitazama, midomo ikimcheza.

"Niache nikamtupie usoni!" nikasema.

"Usimtukane. Nimechoka hata kugombana." Akanirudishia karatasi. "Ingiza kama alivyoandika, halafu mpelekee orodha. Mwambie sasa tuko thelathini na nane."