Fundi wa Kihoto Alikuwa Mama

Juzi hapa Nakuru nilipeleka baiskeli ya mwanangu kwa fundi. Kijana akapaka ukingo wa tairi povu la sabuni, akajaza upepo nusu, akazungusha gurudumu kuangalia kama linayumba. Nikamuuliza hiyo kazi ya sabuni amejifunza wapi. "Mathe, hii ilianzishwa na mzee mmoja wa Kihoto, kule Naivasha." Mzee! Kijana hana makosa, ndivyo alivyoambiwa, lakini nilikasirika sana.

Huyo mzee alikuwa baba yangu, na sabuni hakuianzisha yeye. Alikuwa ametuacha akaenda kuishi Salgaa na mwanamke mwingine, sanduku lake la spana likabaki mlangoni. Mama alilifungua kwa sababu tulikuwa na njaa. Rimu za chuma alizizoea, kwa hizo tairi huingia bila matata mradi usizidishe upepo. Halafu mwalimu wetu akaacha kwetu baiskeli ya mauntini, zile za kupandia milima, yenye rimu za alumini, akaenda zake shuleni. Tairi likakataa kabisa kukaa. Huku limetokeza, huku limezama, na likizungushwa linapepesuka kama mlevi.

Mama akatoa upepo, akarudia. Akatoa tena. Ugali ulikuwa unaungua jikoni na hakuna aliyejali. Mwishowe akavuta karai la nguo zilizolowekwa kwa sabuni, akapaka lile povu ukingo wote, akaminyaminya tairi kwa vidole, akajaza polepole. Likalia pa! Likakaa. Akalizungusha, na ule mstari mwembamba wa pembeni mwa tairi ukaenda sawa mzunguko mzima. Akacheka peke yake. Jameni, nilimpenda mama siku hiyo.

Wateja wakaongezeka. Ndipo baba akarudi, bila hata kusema pole, akakalia stuli ya mama, akamwambia aende akapike. Mwalimu alipoleta gurudumu la nyuma, akauliza ni nani alimwekea lile la mbele vizuri hivyo.

"Ni mimi," baba akasema.

Mama alikuwa hapo mlangoni akimenya viazi. Alisikia. Baadaye nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nikisema ataenda tena," akaniambia, "na nyinyi mnataka baba."

Nani alimwambia tunataka baba? Siku hizi Ziwa Naivasha limemeza plot yetu yote ya Kihoto, na wazazi wote wawili wameshafariki, baba akisifiwa ufundi hadi kaburini. Mimi nilimtaka mama, akiwa na povu hadi kwenye viwiko, na sikumwona hivyo tena.